Mahamri Yanayovimba: Mwongozo wa Hamira kwa Anayeanza

"Unga wangu haukuumuka." "Nimetia vijiko vitatu vya hamira na bado mahamri yametoka bapa." "Jana yalivimba, leo yamegoma, na kila kitu ni kile kile." Maswali haya hayaishi, na Ramadhani ikikaribia ndiyo yanazidi. Badala ya kumjibu kila mtu kipande kipande, nimeyaweka yote hapa, kuanzia kufungua pakiti ya hamira hadi kuepua hamri la mwisho kwenye karai.

Nimechagua mahamri kwa makusudi. Yana sukari nyingi, yana tui, yana mafuta, na vyote hivyo vinaipa hamira kazi ngumu kuliko mkate wa kawaida. Ukiyaweza haya, mkate wa sinia hautakusumbua.

Nitangulize na hili: watu hulaumu unga, hulaumu hamira, wengine hulaumu jicho la jirani. Mara nyingi mwenye kosa ni tui la moto. Nazi tunaikamua kwa maji ya moto ili itoe mafuta vizuri, tunachuja, kisha kwa haraka ya kupika tunalimimina kwenye unga likiwa bado linafuka. Hapo hamira imekwisha kufa kabla hujaanza kukanda.

Hamira ni nini hasa

Sitakuchosha na sayansi, lakini haya lazima uyajue. Hamira ni kiumbe hai. Ni fangasi wa seli moja anayeitwa kitaalamu Saccharomyces cerevisiae. Seli yake ina upana wa mikromita 5 hadi 10, kwa hiyo hata ukipanga seli mia moja mstari mmoja hutapita milimita moja. Zile punje kavu za kwenye pakiti ni mabilioni ya seli zilizolala. Zikipata maji na joto la kadiri huamka, hula sukari, na hutoa vitu viwili: hewa ya kabonidayoksaidi na pombe kidogo. Hewa inanaswa ndani ya unga uliokandwa na kuuvimbisha. Pombe ni chache, na sehemu kubwa yake huruka na moto wakati wa kupika.

Joto ndilo linaloamua mengi. Katika ubaridi wa friji hamira hufanya kazi taratibu mno. Kati ya nyuzi 27 na 35 za Selsiasi hufurahi. Ikifika nyuzi 55 hadi 60 hufa, na iliyokufa haifufuki hata uongeze sukari kiasi gani.

Sukari kidogo ni chakula chake, sukari nyingi ni adha, kwa sababu huvuta maji kutoka ndani ya seli. Chumvi nayo ni hivyo hivyo. Ndiyo maana mahamri huchukua muda mrefu kuumuka kuliko mkate usio na sukari.

Na bekingi pauda si hamira. Ile ni kemikali, magadi yaliyochanganywa na asidi; ikilowa na kupata moto hutoa hewa yake na kazi yake imekwisha. Ukifika dukani sema wazi kwamba unataka hamira ya mikate, kwa sababu kuna wauzaji wanaoziita zote mbili kwa jina moja. Wako pia wanaotia bekingi pauda kwenye mahamri "kwa usalama". Mimi sitii. Hamri la bekingi pauda huwa na nyama kama ya keki, na hamri halitakiwi kuwa keki. Linatakiwa kuwa na shimo katikati la kutilia mbaazi.

Mahitaji

Kipimo hiki kinatoa mahamri 24. Kikombe ninachosema ni cha mililita 250.

- Unga wa ngano mweupe vikombe 4, karibu gramu 500. Angalia pakiti: usichukue ule uliokwisha kutiwa bekingi pauda kiwandani.
- Sukari nusu kikombe, karibu gramu 100. Usizidishe mpaka utakapozoea.
- Hamira kavu vijiko 2 vya chai, karibu gramu 7.
- Iliki ya kusaga kijiko 1 cha chai. Isage mwenyewe ukiweza. Ya pakiti mara nyingi imeshapoteza harufu.
- Chumvi robo kijiko cha chai.
- Samli au mafuta kijiko 1 cha chakula.
- Tui zito kikombe 1, na jingine kidogo la akiba. La kopo au la pakiti pia linafaa.
- Maji vuguvugu robo kikombe.
- Mafuta ya kukaangia, yafike angalau vidole vitatu ndani ya karai.

Vyombo: beseni au bakuli kubwa, kibao na kifimbo cha kusukumia, kisu, kitambaa safi, karai, mwiko wa matundu, na chujio au ungo wa kuepulia.

Kuhusu aina za hamira: kuna ya punje kubwa kidogo, ambayo lazima uiloweke kwanza, na kuna ya punje ndogo sana inayoandikwa kwamba unaweza kuichanganya moja kwa moja na unga. Kwa anayeanza nasema loweka zote mbili. Utapoteza dakika kumi, lakini utajua kama hamira yako ni hai kabla ya kuharibu nusu kilo ya unga na tui la nazi nzima.

Hatua kwa hatua

1. Poza tui. Fanya hili kwanza kabisa. Kama umelikamua kwa maji ya moto, liache mpaka liwe vuguvugu. Kama limetoka kwenye friji, liweke ndani ya chombo cha maji ya moto hadi ubaridi utoke. Dondoshea tone kwenye kifundo cha mkono, kwa ndani: usipohisi moto wala baridi, liko sawa. Kidole kisikudanganye, hasa kama umezoea kugeuza chapati kwa mkono. Ngozi ya vidole vya mpishi imeshakuwa sugu.

2. Iamshe hamira. Tia maji vuguvugu robo kikombe kwenye bilauri, sukari kijiko kimoja cha chai, kisha hamira. Koroga, funika, subiri dakika 10. Mwanzoni utaona maji ya rangi ya udongo tu. Kisha vipovu vidogo vitaanza kupanda kutoka chini kimoja kimoja, na mwishoni juu patakuwa na tabaka nene la povu la rangi ya maziwa, lenye harufu ya mkate mbichi. Hiyo ni hai. Dakika 15 zikipita na maji yametulia tuli, mwaga. *Usiseme "huenda itaamkia kwenye unga". Haitaamka.*

3. Changanya vikavu. Unga, sukari, iliki na chumvi, vyote kwenye beseni. Chumvi tunaitia hapa ili isambae ndani ya unga. Usiitie kwenye bilauri ya hamira.

4. Tia samli na uisugue kwa ncha za vidole mpaka isionekane tena. Usipitishe kijiko kimoja. Mafuta mengi hufanya hamri laini lakini pia hulegeza ule mnato unaoshika hewa.

5. Mimina hamira, kisha tui kidogo kidogo. Unga haunywi sawa. Wa kiwanda hiki utataka kikombe kimoja, wa kile utataka kikombe na robo. Acha kumimina pale unga unapokusanyika na kuwa donge laini linalonata kidogo mkononi. Kosa kubwa hapa ni kuogopa unga unaonata na kuongeza unga mkavu hadi donge linakuwa gumu. Donge gumu hamira italisukuma kwa taabu, na hamri lake siku ya pili ni la kupigia mwizi.

6. Kanda dakika 10 hadi 15. Sukuma kwa kiganja, kunja, zungusha, rudia. Unachotengeneza ni utando wa protini za ngano zinazonasa hewa. Bila huo, hamira itatoa hewa na yote itapotea. Utajua umemaliza unapokata kidonge na kukivuta taratibu kwa vidole vya mikono miwili: kinatakiwa kitanuke kiwe chembamba hadi mwanga upenye, bila kuchanika mara moja. Kikichanika, endelea dakika tatu nyingine. Hapa hapana njia ya mkato, ila ukichoka unaweza kufunika unga dakika tano, ukanywa maji na kurudi. Utaukuta umelainika wenyewe.

7. Umua. Paka bakuli mafuta, weka donge, lipake na lenyewe juu lisikauke, funika kwa kitambaa chenye unyevu. Liache hadi liwe mara mbili ya lilivyokuwa.

   Kila mtu anataka nimwambie ni saa ngapi. Inategemea uko wapi. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, saa moja hadi moja na nusu inatosha, na ukilisahau litamwagika. Njombe, Limuru au Arusha mwezi wa Julai, saa mbili hadi tatu si ajabu. Aliye London kipindi cha baridi aliweke ndani ya oveni iliyozimwa pamoja na bakuli la maji ya moto, mlango ufungwe. Usitazame saa, tazama unga. Chovya kidole kwenye unga mkavu, kibonyeze kwenye donge hadi pingili ya kwanza, kisha ukitoe. Shimo likirudi haraka, bado. Likirudi polepole na kuacha alama, tayari. Donge lote likinywea, umechelewa. Likande tena kidogo uliumue mara ya pili kwa muda mfupi.

   *Usiweke bakuli juu ya jiko linalowaka, wala juani moja kwa moja.* Upande mmoja utapikika na mwingine utabaki mbichi.

8. Toa hewa na ugawe. Libonyeze donge taratibu, ligawe madonge sita, uyaviringe. Funika dakika tano. Ukianza kusukuma papo hapo, unga utakuwa unajivuta na kurudi nyuma, na utaishia kugombana na kifimbo.

9. Sukuma na ukate. Nyunyizia unga kidogo sana kwenye kibao. Unga wa ziada huangukia kwenye mafuta, huungua, na mahamri ya mwisho hutoka na vidoa vyeusi. Sukuma duara la unene wa nusu sentimita, pote sawa. Likate mara mbili kwa msalaba upate vipande vinne. Likiwa jembamba mno litatoka kavu kama biskuti, likiwa nene litavimba nje na ndani libaki na unga.

10. Pumzisha dakika 15 hadi 20. Panga vipande juu ya kitambaa kilichonyunyiziwa unga, visigusane, ufunike. Hatua hii wengi huiruka kwa sababu njaa inauma. Kipande kilichopumzika ukikishika utakihisi chepesi, na kingo zake zimejaa. Ambacho hakijapumzika hubaki kizito na hunywa mafuta.

11. Pasha mafuta. Moto wa kadiri, karibu nyuzi 180 kwa mwenye kipimajoto. Asiye nacho adondoshe kipande kidogo cha unga: kizame, kisha baada ya sekunde chache kielee kikiwa kimezungukwa na vipovu. Kikibaki chini, mafuta bado. Kikibadilika rangi papo hapo, punguza moto na usubiri. *Hakikisha mwiko na mikono havina maji.* Tone la maji kwenye mafuta ya moto hurusha mafuta usoni, na watoto wakae mbali na karai.

12. Kaanga. Tia vipande vitatu au vinne, usijaze karai. Mara tu kipande kinapoelea, chota mafuta ya moto kwa mwiko uyamwagie juu yake, mfululizo. Hapa ndipo raha ilipo. Kona moja itaanza kuinuka, kisha uvimbe utatembea hadi kona nyingine na hamri zima litajaa. Ni mvuke na ile hewa ya hamira, vinatanuka kwa joto huku ngozi ya juu na ya chini zikikauka na kuachana. Ligeuze, lipate rangi ya kahawia pande zote mbili, kisha epua kwenye chujio. Usilitoboe wala kulifunika likiwa moto, litanywea na kulainika.

Kwa mbaazi za nazi hayahitaji maelezo. Kwa chai ya maziwa pia hayakatai.

Yakigoma: angalia hapa

*Povu lilikuwepo lakini unga haukuumuka.* Hamira ilikuwa hai, ukaiua baadaye kwa tui la moto, au umeizidishia sukari. Gusa donge: likiwa laini na bado lina vuguvugu, lipe saa moja zaidi. Likiwa limekaa bila dalili yoyote, amsha hamira mpya kijiko kimoja kwenye maji vijiko vitatu vya chakula, ikande ndani ya donge hilo hilo na uumue upya. Si lazima ulitupe.

*Uliumuka vizuri, lakini kwenye mafuta hayakuvimba.* Tazama mambo matatu kwa mpangilio huu: mafuta yalikuwa ya baridi, vipande vilikauka juu kwa kutofunikwa vikapasuka, au ulisukuma pasipo sawa. Mpasuko mdogo sana unatosha kuvujisha mvuke wote.

*Yamekunywa mafuta.* Moto mdogo, au umejaza karai na mafuta yakapoa. Pia unga ulioumuka kupita kiasi huwa na utando dhaifu na hunyonya.

*Yana harufu ya pombe au uchachu-uchachu.* Umeyaacha muda mrefu mahali pa joto. Hamira imekula sukari yake na bakteria wamejiunga. Tui huharakisha mambo haya, kwa sababu lenyewe huchacha upesi. Unga wa tui kulala nje usiku kucha Pwani ni kujitafutia kuharisha. Wenye haja ya kukanda usiku walaze unga kwenye friji.

*Yana harufu ya hamira yenyewe.* Umetia nyingi. Kuongeza hamira ili "iwahi" ndiyo dawa ya kila mtu asiye na subira, na kila mtu huionja mezani. Kama una haraka, tafuta mahali penye joto zuri zaidi.

*Nje yameiva, ndani mabichi.* Moto mkali. Punguza, na usukume membamba kidogo.

*Nimetia mdalasini na hayakuumuka.* Mdalasini mwingi huipunguzia hamira nguvu. Nusu kijiko cha chai hakina neno, viwili vina neno.

*Je, hamira inaleta ugonjwa wa fangasi kwa wanawake?* Swali hili linakuja kwa sauti ya chini, lakini linakuja. Fangasi anayeleta muwasho huo kwa kawaida ni Candida albicans, aina nyingine kabisa. Hamira ya hamri lililopikwa imekwisha kufa kwenye mafuta. Na wale wanaouza maji ya hamira ya kunywa ili unenepe mahali unapopataka: utakachopata kwa uhakika ni tumbo kujaa gesi.

Hamira hiyo hiyo kwa vitumbua na mkate wa kumimina

Kipimo cha uhai na joto la tui havibadiliki. Kinachobadilika ni kwamba mchele hauna ule utando wa ngano. Uji wa mchele uliolowekwa na kusagwa na tui utajaa vipovu na kupanda, lakini hauwezi kuishika hewa kwa muda mrefu. Kwa hiyo usikande chochote, usikoroge koroge baada ya kuumuka, na pasha chuma cha vitumbua au sufuria yako *kabla* uji haujafika juu. Ukiukuta umeanza kushuka katikati, vitumbua vitatoka vizito na bila matundu.

Kuhifadhi

Pakiti ikishafunguliwa, adui ni unyevu na joto. Kunja mdomo, iweke kwenye chupa kavu yenye kifuniko, kisha kwenye friji au friza, na uchote kwa kijiko kikavu. Ile ya kupimiwa kwenye kikaratasi dukani, hujui imekaa wazi tangu lini. Nunua ya kutumia siku hiyo na uipime kwa bilauri kama kawaida.

Unga uliobaki tia kwenye mfuko au chombo kikubwa, uache nafasi ya kutosha na usikaze kifuniko, kwa sababu hewa inaendelea kutoka hata kwenye baridi. Kwenye friji utakaa hadi kesho yake. Utoe nusu saa kabla ya kusukuma, upoteze ubaridi, kisha uanzie hatua ya nane.